Diski ya Kompyuta ya Nyumbani: Historia ya Uchaguzi Uliochelewa Kufika Chato

Historia ya diski ya kompyuta aghalabu husimuliwa kama historia ya mbio. Huanzwa kwa mtambo mzito uliokwenda polepole, hufuatwa na mitambo midogo iliyokwenda upesi zaidi, na humalizwa kwa chipu isiyozunguka kabisa, ambayo imeishinda yote iliyotangulia. Masimulizi hayo si ya uongo, walakini yamekatwa kwa kipimo cha nyumba ambayo umeme wake haukatiki, duka lake la vipuri liko mtaa wa pili, na mwenye nyumba alikuwa na hiari ya kuchagua tangu siku ya kwanza. Nyumba ya Chato, kwenye ufuko wa kusini-magharibi wa Ziwa Victoria, haikuwa na hata moja katika hayo matatu. Lau historia hiyo ingeandikwa kwa kuanzia hapo, mpango wake ungebadilika: kasi ingeshuka daraja, na mahali pake pangekaliwa na swali la zamani zaidi, yaani nani atakayekitunza kilichoandikwa, na kwa njia gani.

Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mtambo ulioitwa RAMAC, uliobuniwa San Jose, California, chini ya uongozi wa Reynold Johnson. Ndani yake mlikuwa na sahani 50 za alumini zilizopakwa rangi yenye sumaku, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 61, zote zimepangwa juu ya mhimili mmoja na kuzungushwa mara 1,200 kwa dakika. Uzito wake ulikaribia tani moja, nao uliweza kuhifadhi herufi milioni 5 tu, kiasi ambacho leo hujazwa na picha moja au mbili za simu. Ulikodishwa kwa dola 3,200 kwa mwezi. Jambo jipya halikuwa wingi wa herufi, kwa maana utepe wa sumaku ulikwisha kuweza kuchukua nyingi. Jambo jipya ni kwamba mkono wa mtambo uliweza kuufikia ukurasa wowote pasipo kuzipitia kurasa zote zilizoutangulia. Safari hiyo ya mkono ilichukua kama nusu ya sekunde au zaidi kidogo, na watu wa zama zile waliiona kuwa ni ajabu.

Wakati huo Chato ilikuwa katika Wilaya ya Biharamulo, ndani ya Jimbo la Ziwa la Tanganyika. Mwaka mmoja kabla ya mtambo huo, 1955, vyama vya wakulima wa pamba vya jimbo hilo vilikuwa vimeungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa waliolijenga. Chanzo kikubwa cha ushirika ule kilikuwa mizani. Wakulima hawakuiamini mizani ya wanunuzi, wala hawakukiamini kilichoandikwa baada ya mzigo kupimwa. Dawa yao haikuwa kuandika upesi. Ilikuwa kuandika mara mbili, mbele ya macho mawili, karatasi moja ikabaki kitabuni na ya pili ikaenda nyumbani na mwenye pamba. Mtu anayetafuta asili ya fikra ya nakala katika ukanda huu hana haja ya kwenda California. Ataikuta katika stakabadhi ya pamba.

Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Haikudumu katika hali ya kupendwa. Baada ya bei ya mafuta kupanda 1973, na ukame wa 1973 na 1974 kuilazimisha nchi kununua nafaka ng'ambo, fedha za kigeni zilikuwa adimu mno, na mtambo ulao fedha hizo bila ya kutoa faida iliyoahidiwa haukuweza kuwa na watetezi wengi. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni, isipokuwa kwa kibali maalumu. Amri hiyo imehukumiwa kwa ukali na waandishi wengi wa baadaye. Hukumu hiyo ina haki yake, ijapokuwa aghalabu husahau kwamba mwaka 1974 hapakuwa na kompyuta ya nyumbani mahali popote duniani ambayo mwananchi wa kawaida angenyimwa.

Hasara ya amri ile ilikuwa katika miaka iliyofuata. Mwaka 1973 IBM ilikuwa imetoa diski iliyopewa jina la Winchester, ambamo sahani na vichwa vya kusomea vilifungwa pamoja ndani ya chombo kimoja kisichoingiza vumbi. Mwaka 1980 kampuni ya Seagate ikatengeneza diski ya megabaiti 5 yenye upana wa inchi 5 na robo, ikawa kile kilichotaka chumba kizima mwaka 1956 kimeingia mikononi mwa mtu mmoja. Mwaka 1983 IBM ikauza kompyuta ya XT yenye diski ya megabaiti 10 ndani yake. Katika miaka hiyo kumi ndipo alipozaliwa mtu wa Ulaya na Marekani anayeketi nyumbani kwake na kujiuliza: Ninunue diski gani? Swali hilo Tanzania haikuliuliza, kwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa. Ulipofunguka kidogo kidogo, na hasa baada ya sera ya taifa ya teknolojia ya habari na mawasiliano kutolewa mwaka 2003, kompyuta zilizoingia majumbani zilikuwa kwa sehemu kubwa zile za mtumba, zilizokwisha kutumika miaka kadhaa katika ofisi za Ulaya. Diski ilikuwa ndani yake tayari. Uchaguzi ulikwisha kufanywa na mtu mwingine, kwa ajili ya kazi nyingine, chini ya umeme mwingine.

Ni vema kuangalia uchaguzi wenyewe ulikuwaje huko ulikofanywa, kwa sababu mabaki yake bado yamo katika ushauri unaotolewa madukani hadi leo.

Diski ya sahani ina udhaifu usioondoka kwa werevu wowote: neno linalotakiwa lazima lizunguke mpaka lifike chini ya kichwa cha kusomea. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hukamilisha mizunguko 120 kwa sekunde. Kwa wastani neno husubiriwa nusu mzunguko, yaani milisekunde 4 na kidogo, licha ya muda wa mkono kusogea, ambao ni mrefu zaidi ya huo. Njia moja ya kupunguza kusubiri ni kuzungusha kwa kasi kubwa zaidi. Seagate ilifika mizunguko 10,000 mwaka 1996 na 15,000 mwaka 2000, kwa ajili ya mitambo ya makampuni. Mwaka 2003 Western Digital ikaileta kasi ya 10,000 kwa watu wa nyumbani kwa diski iitwayo Raptor, ambayo ya kwanza ilikuwa na gigabaiti 36 tu. Kusubiri kulishuka kutoka milisekunde 4 hadi 3. Msomaji wa leo huweza kucheka akisikia kwamba watu walilipa fedha nyingi, wakakubali joto, kelele na uhaba wa nafasi, kwa ajili ya milisekunde moja. Lakini kompyuta inapofunguliwa asubuhi husoma maelfu ya vipande vidogo vidogo, na milisekunde moja ikirudiwa mara elfu kumi ni sekunde kumi za mtu kukitazama kioo.

Njia ya pili ilikuwa kuziunganisha diski. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliandika makala iliyoeleza kwamba diski nyingi ndogo za bei nafuu, zikipangwa kwa safu, zaweza kuishinda diski moja kubwa ya bei ghali. Mpango huo ukajulikana kwa herufi RAID. Makala ile iliwashughulisha zaidi wasomaji wake kwa jambo la usalama: waandishi walijua vizuri kwamba diski zikiongezeka, na uwezekano wa mojawapo kufa huongezeka, kwa hiyo kila daraja walilolipendekeza lilikuwa na akiba ya kuokoa kilichopotea. Lile lililokuja kupendwa na watu wa nyumbani halikuwamo katika madaraja yao. Ni lile lililopewa namba sifuri baadaye, ambalo kila faili hukatwa vipande, nusu ikawekwa diski hii na nusu diski ile, ili mbili zisome kwa pamoja. Hapana akiba yoyote. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watengenezaji wa bodi za kompyuta walianza kuuweka uwezo huo katika bodi za bei ya kawaida, na vijana wa Ulaya na Marekani wakaziunganisha Raptor mbili kwa fahari kama ya mtu aliyefunga farasi wawili katika gari moja.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme diski moja ina hatari ya kufa ya 5 kwa 100 katika mwaka. Mbili zilizogawiwa vipande zina hatari ya karibu 10 kwa 100, kwa kuwa ikifa yoyote faili zote zimekwenda. Mbili zilizopangwa kwa mpango wa kioo, ambazo kila kinachoandikwa katika moja huandikwa vile vile katika ya pili, zina hatari ndogo sana ya kufa pamoja, lakini mwenyewe amelipia mbili akapata nafasi ya moja. Tena kioo huakisi kila kitu: faili iliyofutwa kwa bahati mbaya hufutwa pande zote mbili kwa wakati mmoja, na mwizi akiibeba kompyuta huzibeba zote mbili. Ni kosa la kudumu la ushauri wa madukani kukiita kioo nakala.

Hesabu hiyo ilifanywa kwa umeme usiokatika. Tanzania ilikuwa na mgao mkali wa umeme mwaka 2006, ukame ulipoyapunguza maji ya mabwawa, kisha tena mwaka 2011, na tena kuanzia miezi ya mwisho ya 2023. Umeme unapokatika ghafula, diski ya sahani hufanya jambo la kustahili sifa: hutumia nguvu ya sahani zinazoendelea kuzunguka ili kuzalisha umeme kidogo wa kukirudisha kichwa mahali pake pa kupumzika, kisije kikaangukia juu ya sahani na kuikwaruza. Chombo huokoka. Kilichokuwa kikiandikwa hakiokoki, na katika mpango wa kugawa vipande huweza kuachwa nusu faili ni mpya upande mmoja na nusu ni ya zamani upande wa pili. Baadaye umeme hurudi, mara nyingine kwa nguvu isiyo ya kawaida, nao ni hatari kuliko kukatika kwenyewe. Ongeza radi, ambazo katika ukanda wa Ziwa Victoria ni nyingi kuliko katika sehemu nyingi za dunia. Diski mbili zilizofungwa kama farasi wawili zingekuwa, kwa nyumba ya Chato ya mwaka 2006, uchaguzi mbaya kuliko wote. Ni bahati njema kwamba wachache sana walikuwa na fedha za kuufanya.

Palikuwa na adui mwingine ambaye vitabu vya kompyuta haviandiki habari zake, naye ni barabara. Diski inayonunuliwa Mwanza kwenda Chato ilivuka maji kwa kivuko kati ya Kigongo na Busisi, ikashushwa, ikapandishwa, ikapigwa mishindo juu ya paja la abiria au chini ya gunia. Kichwa cha diski huelea juu ya sahani kwa umbali mdogo mara nyingi kuliko unene wa unywele, na ingawa diski iliyozimwa huvumilia mengi kuliko iliyowashwa, mshindo mmoja mbaya hutosha. Vivyo hivyo kwa diski ya nje iliyochukuliwa kutoka mji huu kwenda mji ule. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Magari sasa hupita bila ya kungoja kivuko, lakini kufikia wakati huo diski isiyoogopa mishindo ilikwisha kutangulia.

Kumbukumbu ya chipu, ambayo watu huijua zaidi kwa jina la flashi, ilivumbuliwa na Fujio Masuoka wa Toshiba, Japani, katika miaka ya 1980. Ilikaa muda mrefu katika kamera na vijiti vya mfukoni. Mwaka 2008 Intel ilitoa diski ya chipu ya X25-M yenye gigabaiti 80, bei yake ikiwa karibu dola 600, na mabishano ya mizunguko yakaisha kwa siku moja. Hapana sahani ya kuzunguka, hapana mkono wa kusogea. Ambapo diski ya kawaida ilifikia vipande vidogo vichache zaidi ya mia kwa sekunde, ile ya chipu ilifikia maelfu. Bei ndiyo iliyobaki kuwa kizuizi, nayo ilisaidiwa kushindwa na msiba wa mbali: mafuriko ya Thailand ya mwaka 2011 yaliyazamisha maeneo ya viwanda vilivyotengeneza sehemu kubwa ya diski za sahani za dunia, bei yake ikapanda kwa ghafula, ilhali bei ya chipu iliendelea kushuka.

Kwa njia hiyo uchaguzi ulifika Chato hatimaye, na haukuja kupitia duka la kompyuta mpya, bali kupitia meza ya fundi. Laptopu ya mtumba inayochukua dakika nzima na zaidi kufunguka huletwa kwa fundi, naye huitoa diski ya sahani, hutia ya chipu mahali pale pale, na mashine ya miaka kumi huonekana imezaliwa upya. Hapana ukarabati mwingine wa kompyuta uliowahi kutoa badiliko kubwa hivyo kwa fedha kidogo hivyo. Tangu diski za aina ya NVMe, ambazo kanuni zake zilitolewa mwaka 2011, zilipoenea, kasi imeongezeka tena: diski ya chipu ya waya wa SATA husoma kama megabaiti 550 kwa sekunde, na ya NVMe hupita 3,000, na zilizo bora hufika 14,000. Anayeandika barua na kuperuzi mtandao hataiona tofauti kati ya hizo mbili. Anayehariri video ataiona.

Hapa inafaa kutazama ni nani katika mji kama Chato anayehitaji kompyuta ya haraka nyumbani kwake. Yuko mpiga video wa harusi na kipaimara, ambaye nyumba yake ndiyo studio yake; huyo hutaka kasi, kwani picha za siku moja huweza kupita gigabaiti mia. Yuko mwenye maktaba ya filamu, anayewajazia wateja flashi zao; huyo hana haja ya kasi kubwa kuliko kasi ya flashi yenyewe, anachotaka ni terabaiti nyingi kwa bei ndogo, na diski ya sahani bado humfaa kuliko chipu. Kisha yuko yule asiyeonekana sana, mtunza hesabu wa maduara na makarasha ya wachimbaji wadogo wa ukanda wa Geita. Mafaili yake yote hayafiki hata gigabaiti moja. Yangeweza kukaa katika diski ya mwaka 1995. Lakini humo ndimo mlimoandikwa nani alitoa fedha za kuendeshea duara, nani alitoa nguvu zake, ni mifuko mingapi ya mawe ilipelekwa karashani, na kila mmoja anastahili mgawo gani. Duara linapofika kwenye dhahabu baada ya miezi ya kuchimba bila ya kupata kitu, ndipo karatasi hizo zinapotafutwa, na ndipo kutoweka kwake kunapokuwa na mtu wa kunufaika nako. Mgogoro wa mizani ya pamba umerudi kwa sura nyingine.

Kwa mtu huyo diski ya chipu ina tabia moja mbaya ambayo muuzaji hasemi. Diski ya sahani mara nyingi huugua kabla ya kufa: hugongagonga, huchelewa, hulalamika, na hata ikifa mtaalamu huweza kuokoa sehemu ya yaliyomo. Ya chipu mara nyingi hufa kimya, jioni ikiwa nzima na asubuhi ikiwa haitambuliki na mashine. Umeme ukikatika inapokuwa inaandika, zile za bei ya nyumbani, ambazo hazina akiba ya umeme ndani yake, huweza kupoteza si faili moja tu bali orodha inayoonyesha kila faili iko wapi. Na ikiwekwa kabatini muda mrefu bila ya umeme, hasa iliyochakaa na katika joto, chaji iliyomo katika chembe zake hupungua, kwa hiyo haifai kuwa sanduku la kuhifadhia kwa miaka.

Mpangilio unaotokana na historia hii yote si wa farasi wawili. Ni diski moja ya chipu kwa ajili ya mfumo na kazi ya siku, na kwa mpiga video iwe NVMe ikiwa bodi yake inaipokea. Ni diski ya sahani yenye ujazo mkubwa kwa kazi zilizokwisha. Na ni diski ya tatu, ya nje, inayounganishwa wakati wa kunakili tu kisha ikachomolewa, ili radi, mwizi au kirusi kisizikute zote mezani. Fedha ambazo zingenunua Raptor ya pili zamani, leo zinunue UPS. Laptopu ina betri yake na imekwisha kujitosheleza katika hilo, ambayo pengine ndiyo sababu ya laptopu chakavu kuishi katika nyumba za kanda hii muda mrefu kuliko kompyuta za mezani zilizokuwa na nguvu zaidi.

Wapo wasemao kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa faili zote sasa huweza kuwekwa mtandaoni. Nyaya za chini ya bahari zilizofika pwani ya Afrika Mashariki tangu 2009 zimeifanya hoja hiyo iwe na uzito, na kwa mafaili madogo ya mtunza hesabu huduma hiyo ni njema sana. Kwa gigabaiti mia za harusi, zinazolipiwa kwa vifurushi vya simu, ni hesabu nyingine. Aidha, Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na SEACOM, zilikatika kwa pamoja baharini upande wa kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi ambazo intaneti ilidhoofika kwa siku kadhaa. Waliokuwa na diski ya tatu waliendelea na kazi.

Diski hiyo ya tatu ndiyo iliyo rahisi kuliko zote na ndiyo isiyonunuliwa. Haiongezi kasi hata chembe, haionekani ndani ya kompyuta, wala hapana anayeisifu. Tangu mwishoni mwa 2025, mahitaji ya mitambo mikubwa ya akili unde yamepandisha bei ya chipu za kumbukumbu duniani, na mnunuzi mwenye fedha pungufu hushawishika kuikata hiyo kwanza. Heri akate ujazo wa diski ya chipu, gigabaiti 1,000 ziwe 500, abakiwe na fedha ya kununua ile ya nje. Kisha siku ya gulio aipeleke Buseresere kwa ndugu yake, ikae huko ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na paa lile lile na radi ile ile.